Picha ya CT ilikuwa safi, mbona mwili haujarudi?

"Daktari, nina miaka 36, ni mwalimu wa sekondari. Miezi 14 iliyopita nilikuwa nimepanda bodaboda bila kofia, tukagongwa na bajaji, nikaangukia upande wa kulia wa kichwa. Walionibeba wanasema nilipoteza fahamu kama dakika tatu, na safari ya kwenda hospitali siikumbuki. Picha ya CT ilikuwa safi, nikaruhusiwa siku ya pili. Tangu hapo mimi si yule wa zamani. Kichwa kinauma karibu kila siku. Nameza diklofenaki au parasetamoli, zikishindwa natumia tramado. Nikigeukia kulia kitandani chumba kinazunguka. Ikifika saa sita mchana nimechoka kama niliyetoka kulima. Nimeongezeka kilo 7, nasikia baridi wenzangu wakitokwa jasho, na hamu ya tendo la ndoa imekwisha. Hata kule kusimama kwa alfajiri hakupo tena. Nilipima TSH, kile kipimo cha tezi ya shingoni, ikawa ya kawaida. Niliambiwa ni mawazo tu. Rafiki yangu ananishauri nichome sindano za testosteroni, homoni ya kiume. Je, pigo dogo namna ile linaweza kuharibu homoni? Nipime nini, na hizo sindano nichome?"

Pole sana, Mwalimu. Kukaa miezi 14 ukiambiwa huna kitu, huku mwili wako unakwambia vingine, kunachosha pengine kuliko maumivu yenyewe. Nianze na mawili kati ya maswali yako. Ndiyo, pigo la kichwa la aina hiyo linaweza kuvuruga homoni, na dalili zake zikajitokeza polepole kwa miezi. Na sindano za testosteroni usichome kwa sasa, sababu nitazieleza. Ila naomba uvumilie kidogo, kwa kuwa ndani ya barua yako naona matatizo kadhaa tofauti yaliyofungwa kwenye furushi moja. Ukiliita furushi zima "homoni" utatumia fedha nyingi na kizunguzungu utabaki nacho palepale.

Kwanza hilo neno "dogo". Jeraha la ubongo huitwa dogo kwa vigezo vya saa za mwanzo tu: alama 13 hadi 15 kati ya 15 katika kipimo cha fahamu cha Glasgow, kupoteza fahamu kusikozidi dakika 30, na kupotewa na kumbukumbu kusikozidi saa 24. Dakika zako tatu na safari usiyoikumbuka zinaingia hapo. Jina hilo humsaidia daktari wa zamu kujua nani wa kukimbizwa chumba cha upasuaji usiku huo. Halisemi chochote kuhusu utakavyojisikia mwaka unaofuata. Wengi hupona ndani ya wiki chache, au miezi mitatu hivi. Wapo wasiopona kwa muda huo, na hao wanahitaji kuchunguzwa, si kubembelezwa.

Picha ya CT nayo ilifanya kazi yake vizuri. Inatafuta damu iliyovuja, mfupa uliovunjika na ubongo uliovimba, na kwako havikuwapo. Hiyo ni habari njema ya kweli. Lakini ubongo ni laini kuliko maini, na kichwa kikisimama ghafla kwenye lami, wenyewe unaendelea kusogea na kujisokota ndani ya fuvu. Nyuzi za neva huvutwa bila kukatika. Chembe zake huvujisha potasiamu nje na kuingiza kalsiamu ndani, kisha hutumia sukari kwa wingi kurudisha mizani wakati ambapo damu inayofika ubongoni imepungua. Upungufu huo wa nguvu ndio uliokufanya ujihisi mzito siku zile za mwanzo. Picha ya CT haina jinsi ya kuuona. Kwa kawaida sehemu hiyo ya kikemikali hutulia baada ya siku au wiki kadhaa, kwa hiyo yanayokusumbua leo, mwezi wa 14, yana maelezo mengine.

Hapa ndipo homoni zinapoingia. Chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, kuna tezi ya pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya mbaazi na uzito wake ni kama nusu gramu. Imekaa ndani ya kishimo cha mfupa, na inaning'inia kwa kikonyo chembamba kama embe linavyoning'inia tawini. Kikonyo hicho hupita kwenye tundu la utando mgumu ulioziba kishimo. Tezi imebanwa na mfupa, ubongo hauna kilichoubana. Pigo likija, ubongo unakwenda, tezi inabaki, na kinachovutwa ni kikonyo.

Ndani ya kikonyo hupita mishipa midogo ya damu inayolisha sehemu ya mbele ya tezi, na ndiyo hiyohiyo inayoteremsha amri za ubongo kwenda kwenye tezi. Chembe zinazotengeneza homoni ya ukuaji ziko zaidi pembeni mwa tezi, mahali panapotegemea sana mishipa hiyo mirefu, ndiyo maana huwa za kwanza kuumia. Zile za LH na FSH, zinazoamrisha korodani au mayai ya mwanamke, nazo huathirika mapema. Za ACTH, inayoamrisha kotisoli (homoni ya tezi za juu ya figo inayouwezesha mwili kuhimili ugonjwa), na za TSH ziko zaidi katikati, na huwa na kinga kidogo. Mpangilio huo ndio unaoeleza kwa nini mtu anaweza kupoteza hamu na misuli huku vipimo vya kawaida vikionekana vizuri.

Jambo hili halikugunduliwa juzi. Daktari Mjerumani Cyran aliliandika mwaka 1918, kwa mgonjwa aliyevunjika kitako cha fuvu. Mwaka 2007 uchambuzi wa tafiti nyingi, uliochapishwa katika jarida la kitabibu la JAMA, ulikadiria kwamba asilimia 27.5 ya walioumia ubongo walikuwa na upungufu wa homoni moja au zaidi za pituitari miezi mingi baadaye. Kwa majeraha madogo pekee ilikuwa asilimia 16.8. Nakupa namba hizo kwa tahadhari. Waliopimwa wengi walikuwa wale waliokwenda hospitali wakilalamika, na vipimo vilitofautiana. Waliorudiwa kwa vipimo vikali zaidi walipatikana wachache kuliko hapo. Kwa hiyo uwezekano wako si mdogo wa kupuuzwa, wala si mkubwa wa kuanza dawa bila kupima.

Sasa ngoja niipanguepangue barua yako.

Uchovu, hamu iliyokwisha, kilo zilizoongezeka na baridi, hizo ndizo dalili za kupimia homoni. Lakini umetaja tramado, na hilo sitaki lipite. Dawa za jamii ya afyuni, tramado ikiwamo, huziba amri ya LH kutoka ubongoni na kushusha testosteroni. Zikitumika kwa muda mrefu hata kotisoli inaweza kushuka. Yaani dawa unayomeza kwa ajili ya kichwa inaweza kuwa ndiyo inayokuibia alfajiri zako. Tena hupunguza kizuizi cha ubongo dhidi ya kifafa, na kwa mtu aliyewahi kuumia kichwa hilo si jambo dogo. Kama unaitumia kila siku usiiache ghafla, utapata kutetemeka, jasho na kukosa usingizi. Ipunguzwe hatua kwa hatua na daktari. Kama ni kidonge kimoja kwa wiki, acha leo.

Jiulize pia kuhusu prednisoloni, deksamethasoni, na vidonge vya kunenepesha visivyo na jina. Hizo huilaza pituitari, na ukiziacha ghafla unabaki bila kotisoli. Mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli au betamethasoni hufanya hivyohivyo kupitia ngozi, na wengi hawazihesabu kama dawa. Zitaje zote kwa daktari. Vumbi la Kongo na unga wowote wa nguvu za kiume uuache hadi vipimo vikamilike, maana kilichomo ndani hakijulikani na huwezi kusoma kipimo juu ya kitu usichokijua.

Kuhusu "mawazo": aliyekwambia hivyo alikosea kwa lile neno "tu". Sonona baada ya pigo la kichwa ni ya kawaida sana, ni ugonjwa wa ubongo uleule ulioumia, na yenyewe huleta uchovu na kuua hamu. Inaweza kukaa pamoja na upungufu wa homoni. Kutibu moja hakufuti haja ya kupima nyingine, na kukubali kwamba una huzuni si kukiri kwamba ulikuwa unadanganya.

Haya, vipimo. Ungekuwa umeumia wiki iliyopita ningekwambia usubiri, kwa kuwa wiki za mwanzo homoni huyumba zenyewe na nyingi hurudi. Muda unaofaa ni kati ya miezi mitatu na sita, kisha kurudia kwenye mwaka. Isipokuwa kotisoli, ambayo ikishukiwa hupimwa siku hiyohiyo. Wewe umeshapita mwaka, hivyo kitakachoonekana sasa kina uzito.

Nenda maabara asubuhi, damu itolewe kati ya saa 2 na saa 3, hujanywa chai wala kuonja andazi. Saa ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri: kotisoli na testosteroni huwa juu alfajiri na kushuka kadiri jua linavyopanda, hivyo damu ya saa 8 mchana inaweza kumfanya mtu mzima aonekane mgonjwa. Usipime ukiwa na malaria au homa, wala baada ya usiku wa kukesha. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, viache siku tatu kabla, maana huvuruga mashine nyingi za maabara.

La kwanza kabisa ni kotisoli, kwa kuwa ndiyo inayoua ikikosekana. Ikiwa chini ya mikrogramu 3 kwa desilita (nanomoli 83 kwa lita hivi), upungufu ni karibu dhahiri. Ikiwa juu ya 15 (kama nanomoli 414), hauelekei kuwapo. Katikati ya hapo huwezi kukisia. Kinahitajika kipimo cha kuchochea, ambapo huchomwa sindano ya Synacthen (ACTH ya kutengenezwa) mikrogramu 250 na damu hutolewa kabla, dakika ya 30 na dakika ya 60. Usidanganywe na ngozi. Watu husoma kwamba ukosefu wa kotisoli huifanya ngozi kuwa nyeusi zaidi na kumfanya mtu atamani chumvi. Hiyo ni pale tezi za juu ya figo zenyewe zinapokufa. Tatizo likiwa kwenye pituitari, ngozi haizidi kuwa nyeusi na homoni inayotunza chumvi hubaki karibu sawa, ndiyo maana ugonjwa hujificha hadi siku ya malaria kali au upasuaji.

Halafu tezi ya shingoni, yaani thairoidi. Umeniambia TSH ilikuwa ya kawaida, na hapo ndipo watu wengi hukwama. TSH ni sauti ya pituitari. Msemaji akiwa ndiye mgonjwa, huwezi kutegemea sauti yake. Inaweza kusomeka kawaida kabisa huku thairoidi imelala kwa kukosa amri. Kinachohitajika ni FT4, ile homoni ya thairoidi iliyo huru ndani ya damu, ipimwe pamoja na TSH. FT4 ikiwa chini na TSH ya "kawaida", jibu lako la mwanzo limebatilika.

Testosteroni ipimwe asubuhi kabla ya saa 4, na irudiwe siku nyingine, maana jibu moja halitoshi kumpa mtu dawa ya miaka. Chini ya nanogramu 300 kwa desilita, au takriban nanomoli 10.4 kwa lita, mara zote mbili, ndipo huhesabiwa kuwa pungufu kwa mtu mwenye dalili. Pamoja nayo omba LH, FSH na prolaktini, ile homoni ya maziwa. Testosteroni ikiwa chini na LH ikiwa juu, korodani ndizo zenye shida. LH ikiwa chini au ya kawaida, shida iko juu, ama pituitari, ama tramado, ama ule uzito ulioongezeka. Prolaktini hupanda kidogo kikonyo kikiumia, lakini hupanda pia kwa metoklopramidi ya kuzuia kutapika na kwa baadhi ya dawa za akili.

Homoni ya ukuaji ni ngumu kupima. Hupitia kipimo cha IGF-1, kemikali ambayo homoni hiyo huliamrisha ini kuitengeneza, lakini IGF-1 ya kawaida haikanushi upungufu, na kipimo kamili ni cha kuchochea kwa insulini au glukagoni. Cha insulini hushusha sukari makusudi, hivyo mtu aliyewahi kupata degedege au kifafa baada ya kuumia kichwa hafanyiwi. Nitasema wazi: hii singeianza. Tiba yake ni sindano ya kila siku, ya gharama, inayotaka friji ya nyuzi 2 hadi 8, na faida yake kwa uchovu baada ya pigo dogo haina uhakika. Ibaki ya mwisho, kama mengine yote yamerekebishwa na bado huinuki.

Kwenye bomba hilohilo la damu ongeza hemoglobini, sukari, sodiamu, figo, ini na VVU. Upungufu wa damu na kisukari huchosha watu wengi kuliko pituitari, na ni rahisi kuvipata. Picha ya MRI ya pituitari isubiri. Hupigwa homoni zikithibitika kuwa chini, na mara nyingi tezi huonekana ya kawaida hata hapo. Kama una kiu isiyoisha na unaamka kukojoa mara nyingi, na sukari ni ya kawaida, pima mkojo wa saa 24 kwa chupa ya lita moja na nusu: ukizidi lita 3, mwambie daktari, kwa sababu sehemu ya nyuma ya tezi nayo inaweza kuwa imeguswa.

Sasa zile sindano. Ukichoma testosteroni kabla ya kupima, LH inazimika, na hakuna daktari atakayeweza tena kujua kama ilikuwa imelala kabla. Mbegu nazo huzimika; wako wanaume waliochoma kwa miezi michache wakitafuta nguvu, wakakuta hawana mbegu hata moja. Kama bado mnataka mtoto, dawa inayofaa ni nyingine, sindano za hCG zinazoiamsha korodani badala ya kuipumzisha. Testosteroni pia huifanya damu kuwa nzito. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikivuka asilimia 54 dawa husimamishwa. Na lililo zito kuliko yote: inaweza kukupa nafuu kiasi cha kukufanya usirudi hospitali, na kotisoli yako ikawa iko chini bila mtu kujua.

Onyo la namna hiyohiyo ni kwa vidonge vya thairoidi. FT4 ikiwa chini na kotisoli pia ikiwa chini, kotisoli hurudishwa kwanza. Ukianza na thairoksini, mwili huongeza kasi ya kuichoma ile kotisoli kidogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuanguka. Daktari yeyote akikuandikia thairoksini, muulize kwa heshima: kotisoli yangu ilikuwa ngapi? Swali hilo halimvunjii mtu adabu.

Ikithibitika kwamba kotisoli haitoshi, tiba ni haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 15 hadi 20 kwa siku, sehemu kubwa ikinywewa unapoamka. Siku ya homa dozi huongezwa mara mbili, na ukitapika vidonge, inahitajika sindano ya miligramu 100 bila kuchelewa. Mkeo na mwalimu mkuu wajue hilo, na karatasi yenye maelezo hayo ikae kwenye pochi yako. Testosteroni ikithibitika iko chini bila tramado, na kotisoli na thairoidi ziko sawa, ndipo sindano zina mahali pake, zikisimamiwa. Na wako ambao pituitari yao hurudi yenyewe ndani ya mwaka wa kwanza au zaidi, hivyo kurudia vipimo ni sehemu ya tiba.

Kizunguzungu chako, Mwalimu, ndicho kinachonifurahisha, kwa kuwa kina dawa isiyouzwa. Kuzunguka kwa chumba ukigeukia upande mmoja, kwa sekunde chache, ni alama ya chembe ndogo za chokaa zilizong'oka mahali pake ndani ya sikio na kuingia kwenye mfereji wa mizani. Pigo la kichwa ni sababu yake inayojulikana sana. Vidonge vya kizunguzungu havizirudishi. Zinarudishwa kwa kukigeuza kichwa kwa mpangilio unaoitwa Epley. Kama shingo ilipata kuumia au mikono inakufa ganzi, fanyiwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kama shingo ni nzima, fanya hivi jioni, mtu akiwa karibu.

Keti kitandani miguu imenyooka, mto ukiwa nyuma yako mahali ambapo mabega yatatua. Geuza kichwa kulia nusu ya njia kuelekea bega. Lala chali kwa haraka, mabega juu ya mto, kichwa kikiinama nyuma kidogo na kugusa godoro, bado kimeelekea kulia. Chumba kitazunguka, usiinuke, fumbua macho, hesabu hadi 60. Bila kuinua kichwa, kigeuze taratibu kielekee kushoto kwa kiasi kilekile. Hesabu tena 60. Sasa geuza mwili mzima ulalie ubavu wa kushoto, pua ikitazama sakafuni. Hesabu 60, kisha inuka ukae kwa kupitia ubavu huo, kidevu kimeinama. Fanya hivyo mara tatu kwa siku hadi upite siku nzima bila kuzunguka. Kosa linaloharibu zoezi hili ni kuinua kichwa katikati ya hatua. Chembe hurudi zilikotoka. Wiki moja ikipita bila nafuu, au ukianza kuzunguka hata ukigeukia kushoto, nenda kliniki ya masikio, kwa maana baada ya pigo chembe zinaweza kuwa kwenye mfereji mwingine au masikio yote mawili.

Kichwa. Parasetamoli au diklofenaki ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, au tramado na dawa za mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe huanza kutengeneza maumivu. Zinapoisha nguvu kichwa kinauma, unameza tena, na mzunguko unaendelea. Weka alama kwenye kalenda kila siku unayomeza, naamini utashangaa. Ukizipunguza hadi siku mbili kwa wiki, siku za kwanza kichwa kitauma zaidi, mara nyingi kwa wiki moja hadi mbili, kisha hupungua. Chagua wakati wa likizo. Daktari anaweza kukuwekea amitriptilini miligramu 10 usiku kama ngao. Hukausha mdomo na inaweza kuongeza uzito, kwa hiyo dozi ibaki ndogo iwezekanavyo. Propranololi ni njia nyingine, ila si kwa mwenye pumu. Diklofenaki ya kila siku iache kwa ajili ya tumbo na figo zako pia.

Na mazoezi. Ushauri wa zamani wa kulala gizani kwa wiki umepitwa. Makubaliano ya wataalamu huko Amsterdam mwaka 2022 yanasema mapumziko ya kiasi ni siku moja hadi mbili, kisha mwili uanze kutembea. Kwa aliyechelewa kupona kama wewe, tafuta kikomo chako: tembea ukiongeza mwendo hadi kichwa au kizunguzungu kianze kuzidi, gusa shingo uhesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Ukipata 130, mazoezi yako yawe kati ya mapigo 104 na 117 (asilimia 80 hadi 90 ya kikomo hicho), dakika 20, siku nyingi za wiki. Kila wiki moja au mbili panda kwa mapigo matano hadi kumi. Ukivuka kikomo siku ya nguvu, siku mbili zinazofuata utalala, kisha utasema mazoezi hayafai. Kwa hiyo ishi ndani ya kikomo hata siku unayojisikia vizuri. Mwombe pia mwalimu mkuu ratiba isiyoweka vipindi vitatu mfululizo. Darasa lenye wanafunzi 70 ni kelele inayochosha ubongo kama kubeba gunia.

Nikumbuke na akina mama wanaosoma hapa: hedhi ikikatika miezi mitatu baada ya kuumia kichwa, pimeni ujauzito kwanza, kumbukeni sindano ya uzazi wa mpango, kisha ombeni vipimo hivihivi. Aliyewahi kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua na maziwa yakakataa kutoka alitaje hilo, kwani nako pituitari huumia.

Usisubiri miadi ukipata kutapika kusikokoma pamoja na udhaifu au kuchanganyikiwa, kuzimia unaposimama, degedege, upande mmoja kulegea, kuona nusu ya mbele imefunikwa, au maumivu ya kichwa yanayopanda siku hadi siku. Kwa mengine, anza na daktari wa hospitali ya mkoa, naye akupe rufaa kwa mtaalamu wa homoni, kama Muhimbili kwa walioko Tanzania au Kenyatta kwa walioko Nairobi. Nenda na karatasi moja: tarehe ya ajali, muda uliopoteza fahamu, kila dawa na krimu, kalenda ya vidonge, majibu yako ya zamani. Na ukiwa maabara, mwombe anayekutoa damu aandike saa kwenye chupa na kwenye fomu. Kotisoli isiyo na saa haisomeki, na utalazimika kurudi kutolewa nyingine.